Chupa iliyojaa: kumwacha mnyama wa kizimbani peke yake unaposafiri

Nilirudi usiku wa pili, nikaweka begi mlangoni na kwenda moja kwa moja kwenye kizimba cha simbilisi wangu wawili. Chupa ya maji ilikuwa imejaa. Nilifurahi kwa sekunde kama tano hivi: maji hayajaisha, kumbe nilijipanga vizuri. Kisha akili ikanirudia. Chupa iliyojaa vile vile nilivyoiacha maana yake hakuna aliyekunywa hata tone. Nikagusa kwa kidole ile gololi iliyo kwenye ncha ya mrija, haikusogea. Ilikuwa imegandishwa na uji wa majani yaliyotafunwa, kwa sababu simbilisi wana tabia ya kunywa huku chakula kiko mdomoni, na mabaki hurudi mrijani. Nyasi kavu nilizowajazia nazo zilikuwa karibu zote. Nani atatafuna nyasi kavu bila maji?

Walipona, lakini ilichukua siku kadhaa, daktari wa mifugo, na bomba la sindano lisilo na sindano la kuwalishia uji kidogo kidogo.

Kabla ya usiku ule nilikuwa nikiuliza swali ambalo karibu kila mfugaji huuliza: niwaachie chakula na maji ya siku ngapi? Jibu lake ni hesabu nyepesi tu, na hapo ndipo linapotudanganya. Mimi niliacha chakula cha kutosha na maji ya kutosha. Swali nililopaswa kuuliza ni jingine: kitu kikiharibika, zitapita saa ngapi kabla ya mtu kugundua? Ukilishika hilo, mengi yanayosemwa kuhusu hamsta (mnyama mdogo mfano wa panya), ndege, sungura na panya wa kufuga huanza kueleweka, hata yale yanayoonekana kupingana.

Siku moja ya kasuku mdogo

Tuanze na ukubwa wa mwili, maana ndio chanzo cha haraka yote hii. Mwaka 1932 Max Kleiber, mwanasayansi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi California, alionyesha kwamba mwili unavyozidi kuwa mdogo ndivyo kila gramu yake inavyounguza nguvu kwa kasi zaidi. Ukichukua kanuni yake, ukamweka binadamu wa kilo 60 upande mmoja na kasuku mdogo wa gramu 30 upande wa pili, kila gramu ya huyo kasuku inakula nguvu mara sita hadi saba kuliko gramu ya binadamu. Ni makadirio, na ndege kwa kawaida huwa juu zaidi ya hapo. Lakini picha inatosha: siku moja bila chakula kwa kasuku huyo inakaribia wiki nzima kwako wewe, na yeye hana kitambi cha kumsitiri.

Ndiyo maana mbwa anaweza kukosa mlo wa jioni akaishia kununa tu, na chiriku akikosa kula siku mbili anaweza kukutwa chini ya tundu.

Kuna jambo la pili linaloandamana na udogo. Karibu wanyama wote tunaowafuga kwenye vizimba ni mawindo ya wengine porini, na mnyama wa kuwindwa anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha ziishe. Mwenye nyumba anayemwona kila siku hugundua mabadiliko madogo: leo hakuja kwenye chuma za kizimba niliposhika mfuko wa majani, leo amekaa amejikunja kama mpira. Mgeni haoni hayo. Na nyumba tupu haioni chochote.

Sahani mbili zinazodanganya

Sahani ya kwanza ni ya ndege. Kasuku wadogo na kanari hawamezi mbegu na ganda lake. Humenya kila punje kwa mdomo, humeza kiini, na ganda hudondoka palepale sahanini. Baada ya siku mbili juu ya sahani kuna tabaka zuri la makapi mepesi, lenye rangi ile ile ya mbegu, limejaa hadi ukingoni. Mtu aliyeombwa apite kutazama hutazama, huona sahani imejaa, hufunga mlango na kuondoka. Ndege anakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Dawa yake ni pumzi moja: puliza juu ya sahani, makapi yaruke, uone kilichobaki chini. Mara nyingi ni punje kumi na vumbi.

Sahani ya pili ni ya hamsta, na yenyewe hudanganya kwa upande wa pili. Hamsta wa Syria, yule mwenye rangi ya dhahabu anayefugwa sana, ana historia inayoeleza tabia yake. Mwaka 1930 Israel Aharoni, mtaalamu wa wanyama, alimpata jike na watoto wake kwenye shimo chini ya ardhi karibu na mji wa Aleppo, na hamsta wengi sana wa aina hiyo wanaofugwa leo duniani ni uzao wa familia ile moja. Ni mnyama wa nchi kame anayeishi kwa kuweka akiba. Ukimwekea chakula cha siku tatu, atakijaza kwenye mifuko ya mashavu, atafanya safari tano au sita, na kabla hujafika kituo cha basi sahani itakuwa tupu kabisa. Hajala; amehamisha ghala. Jirani yako atakupigia simu kwa hofu kwamba hamsta ana njaa, ataongeza chakula, nacho kitahamishwa. Hilo halina madhara makubwa isipokuwa chakula chenyewe kikiwa kibichi. Kipande cha tango kilichofichwa ndani ya kiota, chini ya maranda ya mbao anayotandikiwa, huoza mahali ambapo mnyama analala. Kwa hiyo kabla ya safari hamsta aachiwe chakula kikavu tu.

Ukichunguza, sahani hazisemi kitu. Ya ndege imejaa na hana chakula. Ya hamsta ni tupu na anacho tele.

Utumbo usiosimama

Sungura na simbilisi ni kundi la peke yao, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Hawa ni wala nyasi wadogo. Chakula chao kina nguvu kidogo, kwa hiyo hula muda mwingi wa siku na usiku, na sehemu kubwa ya mmeng'enyo hufanyika mwisho wa safari, kwenye mfuko mkubwa wa utumbo uliojaa bakteria. Mfumo huo hufanya kazi ukisukumwa: nyasi mpya zikiingia, za zamani husogea. Zisipoingia, mwendo hupungua, bakteria wasiofaa huongezeka, gesi hujaa, tumbo huuma, na mnyama mwenye maumivu hataki kula. Kutokula kunazaa kutokula zaidi. Ndani ya saa 12 hadi 24 hali hiyo tayari ni dharura ya daktari. Si jambo la kusema tuone kesho. Tena sungura hawezi kutapika, hivyo kilichoingia hakina njia nyingine ya kutoka.

Ajabu ni kwamba kinachoanzisha haya mara nyingi si kukosa nyasi. Ni jino lililokua vibaya, kwa kuwa meno yao hukua maisha yote. Ni hofu ya kelele usiku. Ni joto. Ni gololi iliyokwama, kama kwangu. Unaweza kuacha nyasi za mwezi mzima na bado ukampoteza mnyama kwa siku mbili.

Sungura ana hatari nyingine ambayo sipendi hata kuieleza. Akiharisha kidogo au akishindwa kujisafisha, manyoya ya nyuma hulowa, inzi hutaga hapo, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funza huanza kula ngozi ya mnyama aliye hai. Wakati wa joto sungura anapaswa kutazamwa chini ya mkia kila siku, mara mbili ikiwezekana. Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo.

Kuhusu vitamini C, neno moja: simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini, na ile iliyo kwenye chakula cha punje hupungua kadiri mfuko unavyokaa. Safari ya siku mbili haina shida hapo. Safari ya wiki tatu ambayo msaidizi anamwaga punje za mfuko wa zamani bila majani mabichi ina shida. Kuiweka kwenye maji ya kunywa si suluhisho zuri, maana huharibika upesi na wengine hukataa maji yenye ladha ngeni.

Kwa nini chupa huvuja mchana

Watu wengi huamini chupa ya maji kama wanavyoamini bomba la ukutani. Tuitazame vizuri. Chupa imepinduliwa, mrija uko chini, gololi imekaa kwenye ncha. Kinachozuia maji yasimwagike si gololi peke yake. Ni hewa ya nje inayosukuma kuelekea juu, wakati hewa iliyonaswa juu ya maji, ndani ya chupa, imepungua msukumo. Mnyama akisogeza gololi kwa ulimi, tone linatoka, kiputo cha hewa kinapanda kuchukua nafasi yake. Hicho kiputo ndicho unachokiona kikipanda anapokunywa.

Sasa funga madirisha, uondoke. Asubuhi chumba kina nyuzi 20, alasiri kina nyuzi 35. Hewa iliyo ndani ya chupa inapata joto na kutanuka kwa karibu asilimia 5. Kama chupa ni ya mililita 500 na imebaki robo tu au chini ya hapo, ndani yake kuna hewa kama mililita 400, na kutanuka huko kunasukuma nje maji yapatayo mililita 20. Usiku inapoa, inavuta hewa mpya, na kesho mchana inasukuma tena. Hamsta mzima hunywa kama mililita 10 hadi 15 kwa siku. Kwa maneno mengine, joto linaweza kunywa kuliko mnyama mwenyewe, na kadiri chupa inavyopungua ndivyo inavyovuja zaidi. Maranda yaliyo chini yanalowa, mnyama mdogo analala kwenye unyevu, na chupa uliyoihesabia siku tano inaisha siku ya tatu.

Kwa hiyo chupa mbili ni bora kuliko chupa moja kubwa, na zijazwe mpaka juu, zikae mbali na jua. Moja ikigoma, nyingine ipo. Kwa sungura na simbilisi mimi huongeza bakuli zito la udongo ambalo halipinduki. Litachafuka, ndiyo, lakini maji machafu kidogo ni afadhali kuliko hakuna. Na kila chupa ijaribiwe kwa kidole siku mbili kabla ya safari. Kuijaribu asubuhi ya kuondoka ni kuchelewa, kwa sababu ukiikuta mbovu utajidanganya kwamba itakaa sawa.

Nyumba iliyofungwa si nyumba ile ile

Tunapoondoka tunafunga madirisha, tunashusha mapazia, tunazima umeme. Kwa usalama wa nyumba ni busara. Kwa mnyama ni kwamba amehamishiwa nyumba nyingine bila kuhama.

Pazia kwanza. Ndege wa mchana hali gizani. Anakaa kwenye kijiti akisubiri asubuhi, na asubuhi isipofika ataendelea kusubiri, hata sahani iwe na mbegu halisi na si makapi. Nimeona watu wakifunika chumba kizima ili wezi wasione ndani, wakaacha tundu humo humo. Kama lazima pazia lifungwe, weka taa yenye swichi ya saa inayowaka asubuhi na kuzima jioni. Taa ikiwaka mfululizo usiku na mchana nayo ni kosa. Ndege asiyelala hudhoofika.

Halafu joto. Sungura na simbilisi hawana njia nzuri ya kutoa joto mwilini. Masikio ya sungura husaidia kidogo, jasho halipo la maana. Chumba kikikaribia nyuzi 30, wako hatarini, na jua lina tabia ya kuhama: mahali palipokuwa na kivuli ulipofunga mlango saa mbili asubuhi panaweza kupigwa na jua saa tisa. Siku moja kabla ya safari, kaa nyumbani utazame jua linavyotembea chumbani. Ni kazi ya kuchosha lakini haina mbadala.

Baridi nayo ina mchezo wake kwa hamsta. Chumba kikipoa sana, hasa kikikaribia nyuzi 5, hamsta anaweza kuingia kwenye usingizi mzito: mwili unakuwa wa baridi, pumzi zinakuwa chache mno, ukimshika hashtuki. Msaidizi asiyejua atadhani amekufa. Mwambie mapema, kwa maandishi, kwamba hamsta anayeonekana amekufa wakati wa baridi apelekwe kwanza kwenye chumba chenye joto la kawaida, apashwe taratibu mikononi, na daktari apigiwe simu kabla ya mtu kuchukua jembe.

Mwisho ni harufu. Bakteria kwenye maranda huvunja mkojo na kutoa amonia. Chumba kikiwa wazi na kizimba kikisafishwa huioni. Chumba kikifungwa siku nne, inajikusanya chini, usawa ule ule wa pua ya mnyama, na kuwasha njia zake za hewa. Panya wa kufuga huumia upesi kwa sababu wengi wao hubeba vijidudu vya mapafu vinavyongoja nafasi. Safisha kizimba siku moja kabla ya kuondoka, lakini bakiza kidogo ya maranda ya zamani yaliyo safi ili harufu ya kwao isipotee yote.

Saa ngapi, basi?

Najua msomaji anataka namba, na mimi nilizitaka. Nitazitoa nikijua kwamba kila moja ni kwa mnyama mzima, mwenye afya, ambaye vifaa vyake vimekaguliwa.

Hamsta ndiye anayevumilia zaidi kati ya wenye manyoya: usiku mmoja bila wasiwasi, usiku wa pili kwa shingo upande. Anaishi peke yake kwa asili, ana ghala lake, na mchana analala. Panya wa kufuga na panya wadogo weupe wakiwa wawili au zaidi, saa 24. Kasuku wadogo, kanari na chiriku, saa 24 na zisizidi. Sungura na simbilisi, mimi husema saa 12 hadi asubuhi ya kesho yake, yaani usiku mmoja, na hata huo uwe wa lazima.

Nyoka na baadhi ya mijusi wako nje ya hesabu hii kabisa. Nyoka wengi wanaofugwa hulishwa mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili, na wiki bila kula si kitu kwao. Hatari yao ni taa ya joto na kidhibiti chake: kikigoma wakati kimewaka, kizimba kinakuwa tanuri. Hata hivyo maji yao yanahitaji kubadilishwa, kwa hiyo nao wanahitaji mtu, ila si kila siku.

Je, kuwa wawili kunasaidia? Kwa upweke, ndiyo. Uswisi ilifika mbali: kanuni zake za ulinzi wa wanyama zilizoanza kutumika mwaka 2008 zinataka wanyama wa kijamii kama simbilisi wasifugwe mmoja mmoja. Lakini mwenzake hawezi kuzibua chupa. Wawili wanakunywa maradufu, wanachafua maradufu, na kama wamegombana hakuna wa kuwatenganisha.

Nilichogundua baada ya miaka ni kwamba safari ndefu hazina hatari kubwa kama zile za siku mbili tatu. Anayeondoka wiki mbili anajua hana ujanja, anatafuta mtu. Anayeondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili anajiambia kwamba si kitu, anajaza sahani, anafunga mlango. Kisha basi linaharibika njiani au ndege inaahirishwa, na Jumapili inakuwa Jumatatu mchana. Saa 48 zimekuwa karibu 70.

Kamera

Kamera ya kuunganishwa na simu inapunguza wasiwasi wa mwenye nyumba, na kwa hilo siidharau. Lakini jiulize inaona nini. Hamsta yuko chini ya maranda mchana kutwa. Utatazama rundo la maranda. Sungura anayeumwa tumbo ametulia kama sungura anayepumzika. Na ukiona kweli kuna tatizo, uko umbali wa saa nane. Kamera bila mtu mwenye ufunguo inakupa nafasi ya kutazama tu. Mashine za kulishia zenye saa nazo ni hivyo hivyo: umeme ukikatika au punje ikikwama, hazipigi kelele. Vyote viwili ni vizuri vikimsaidia mtu. Vikichukua nafasi yake, umerudi kwenye swali la saa ngapi.

Mtu mwenye ufunguo

Tatizo la wasaidizi ni maagizo tunayowapa, maana nia wanayo. Tunasema “naomba uwaangalie angalie”, nao wanaangalia. Jioni unapata ujumbe: “Wako sawa, wamelala.” Kwa simbilisi, ujumbe huo hutia hofu kuliko yote. Saa ya kuletewa majani simbilisi mzima halali. Anapiga miluzi mpaka nyumba ya pili isikie. Aliyelala saa hiyo ni mgonjwa.

Kwa hiyo usimpe kazi ya kutazama, mpe kazi ya kutenda. Gusa gololi kwa kidole mpaka tone litoke. Puliza makapi. Toa mboga za jana, hata kama zinaonekana nzuri. Mpe kipande kimoja cha anachokipenda na usubiri mpaka akichukue. Mnyama asiyechukua akipendacho amekwisha kukupa habari. Tazama kinyesi: kipo kipya? Kwa sungura na simbilisi kinyesi kilichopungua au kuwa kidogo kidogo ni onyo linalotangulia mengine yote. Mizani ya jikoni ikiwepo, mpime kila siku ya pili na uandike gramu. Mwisho, funga kitasa cha kizimba na ukivute kuhakikisha.

Afanye yote hayo mara moja kwa siku kwa ndege na hamsta, mara mbili kwa sungura na simbilisi. Mwite siku mbili kabla, afanye mbele yako huku mikono yako iko mfukoni. Utashangaa vitu ambavyo hukuvisema kwa sababu unavifanya bila kufikiri: kwamba mlango wa juu huponyoka, kwamba yule mweupe anauma.

Muachie namba ya daktari anayetibu wanyama wadogo, maana si kila daktari wa mifugo ana uzoefu nao, na muachie fedha pamoja na ruhusa ya wazi ya kuzitumia. Watu wengi husita kumpeleka mnyama wa mwenzao kwa daktari wakiogopa gharama. Wanakupigia, simu yako haishiki, wanasubiri. Sentensi moja kwenye karatasi, “ukiona shaka mpeleke, usinisubiri”, inaokoa usiku mzima.

Kama msaidizi atalala kwako na kuna ndege ndani, ongeza onyo la jikoni. Kikaango chenye utando usiogandisha chakula, kikisahauliwa motoni bila kitu, hutoa moshi ambao binadamu anaweza asiutambue, nao huua ndege kwa dakika chache. Mapafu ya ndege hupitisha hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu, na sumu hupita kwa ufanisi huo huo. Ndiyo sababu wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na kanari migodini mpaka mwaka 1986.

Wengine huona afadhali kumhamishia mnyama kwa rafiki. Inawezekana, na kwa sungura na simbilisi mara nyingi ndiyo njia bora kama rafiki anakaa nyumbani kutwa. Sharti ahame na nyumba yake: kizimba chake, maranda yake, chakula chake kile kile, kwa sababu kubadilisha chakula ghafla huvuruga utumbo. Asiwekwe chumba kimoja na paka, hata paka mpole. Harufu tu inatosha kumfanya sungura aache kula. Ndege waliohamishwa hugoma kula siku ya kwanza, hivyo mpeleke siku mbili kabla ya safari ili mgomo huo uishe ukiwa bado karibu.

Halafu kuna siku ya kurudi, ambayo ndiyo hupotea kwenye mipango. Msaidizi anahesabu kwamba Jumapili unarudi, kwa hiyo Jumapili hapiti. Mimi sasa tumepatana tofauti: haachi kupita mpaka nimtumie ujumbe kwamba nimeshika chupa kwa mkono wangu.

Na kwenye chupa yenyewe nimechora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, usawa wa maji siku ninayoondoka. Kila jioni ananitumia picha moja: mstari, maji, na maranda yaliyo chini ya mrija. Picha ya kwanza ikija na maji yameshuka vidole viwili chini ya mstari, na maranda makavu, ndipo ninapofungua begi.